Suruali Sita za Turubai

Bweni la uzamili, chumba namba kumi na saba
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili, moja ya leo na moja ya Jumapili iliyopita, ile ambayo simu iliikata kabla hujaitikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza malalamiko, na macho bado yanaliona tundu la sindano bila kumwita Mama. Na kama unamwita, basi usimgombeze akichelewa, maana miwani yake ni ile ile ya tangu niko shule ya msingi. Msalimie sana. Mwambie soksi nimezipokea. Moja ni ndefu kuliko mwenzake, nikajua kuwa yeye alikuwa anafuma na wewe ulikuwa pembeni unampigisha soga. Mimi mzima wa afya, nakula, nalala, sijambo kabisa.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Baba, wewe na simu mnajuana. Ukishaniuliza kama nimekula unasema haya haya, ongea na mama yako, na mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Leo nina habari ndefu, inayotaka mtu akae kwenye kiti. Kuna mahali utacheka na kuna mahali utakasirika, na ukifika hapo nakuomba usiikunje barua ukaitia mfukoni. Isome mwenyewe hadi mwisho, kisha umsomee Mama. Inahusu shahada yangu, ambayo nusura niipoteze, na inahusu zile suruali zako.

Tuanze na maisha ya hapa. Chumba chetu kina vitanda viwili, meza moja, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo, kwa hiyo nasoma takwimu huku naangalia mashati ya watu yakikauka polepole kama mimi. Darasani tuko ishirini na wawili. Nusu yao wangekuwa wanangu kama ningewahi kidogo. Wananiamkia asubuhi kwa heshima zote, halafu kwenye mtihani wa hesabu wananipita kama nimesimama. Muhula wa kwanza nililia mara mbili, mara zote chooni, mara zote kwa sababu ya kitu kinachoitwa mkengeuko sanifu. Sasa tumezoeana. Naweza hata kukieleza, ila nisiulizwe maswali.

Ninayekaa naye chumba kimoja ni daktari wa mifugo. Ndiyo, Baba, umesoma sawasawa. Alikuwa akitibu mbuzi na ng'ombe miaka kumi na moja, kisha akaamua kuhamia kwa binadamu, kwa sababu anasema magonjwa mengi yao na yetu ni yale yale, tofauti ni kwamba ng'ombe hakudanganyi alikula nini. Tunamwita Daktari wa Mbuzi, naye anaitika. Ni mtu wa kuuliza maswali mafupi huku anakata kucha. Mweke akilini, maana ndiye aliyeniangusha na ndiye aliyeniinua.

Mwingine wa kumjua ni msimamizi wa tasnifu yangu. Ni mama wa makamo, mwembamba, anavaa saa ya kiume na anatumia penseli iliyochongwa pande zote mbili. Ukimpelekea kurasa ishirini zinarudi na neno moja tu limeandikwa pembeni, tena na tena: thibitisha. Nikaandika kwamba watoto hupendwa na mama zao, akaandika thibitisha. Mwenzetu mmoja alimwandikia ujumbe kuomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake, na tuliamini kabisa kwamba ataandika thibitisha. Hakuandika, alimpa nauli. Lakini jina la Bi Thibitisha limeshaganda, na nadhani analijua.

Sasa tuingie kwenye shughuli yenyewe. Unakumbuka nilivyopata nafasi hii. Pale kwenye kituo chetu cha afya, watoto wenye uzito mdogo walikuwa ishirini katika kila mia, miaka nenda rudi. Mimi nikaanzisha yale mafunzo ya lishe kwa akina mama, kila Jumanne, na mabango yangu ya kuchora kwa mkono ambayo ulisema samaki wake anafanana na kandambili. Mwezi ule ule idadi ikashuka hadi kumi katika mia, na ikabaki hapo. Vituo vya jirani vilibaki palepale vilipokuwa. Wakubwa wa afya walikuja kunipongeza, nikapigwa picha, nikavimba kichwa. Nilipoomba masomo, wale wa jopo hawakuniuliza mengine. Waliniambia nije nisome ili nijue kueleza nilichofanya, wengine wapate kuiga. Tasnifu yangu yote ilisimama juu ya jambo hilo moja, kwamba mafunzo yangu ya Jumanne yalinenepesha watoto.

Na unakumbuka kilichotokea mwezi ule ule, kwa sababu wewe huwezi kusahau. Ulikuwa umeniletea funguo zangu nilizosahau nyumbani. Ukakuta tunampima mtoto mmoja mnene, mizani imening'inia juu ya mlango, na ile suruali ya kupimia ya nailoni ikachanika, mguu ukatokeza, mtoto akabaki anabembea kwa upande mmoja kama shati lililopoteza kibanio. Nilimdaka. Wewe ulisimama pale umekunja uso, ukaondoka bila kuaga. Siku tatu baadaye ukaja na suruali sita za turubai, zenye kitambaa laini ndani, uzi maradufu, pete za chuma za kuning'inizia, na mifuko. Nilikuuliza mtoto wa miezi sita atatia nini mfukoni, ukanijibu kwamba suruali isiyo na mfuko ni gunia. Akina mama walizipenda mno. Walikuwa wanagombania ile ya bluu.

Tangu hapo umewaambia wateja wote, na wapita njia, na yule anayesoma mita za maji, kwamba suruali zako zimeleta neema, kwamba tangu uzishone watoto wamenenepa. Ulikuwa unatania. Nami nilikuwa nacheka, nasema ni mafunzo yangu, si suruali zako. Tulibishana hadi Mama akatufukuza mezani. Baba, katika ubishi ule wewe ndiye uliyekuwa na haki.

Siku moja tulikuwa tunakunja nguo, mimi namsimulia Daktari wa Mbuzi habari za kituo chetu. Nikamweleza mafunzo, nikamweleza mabango, nikamweleza na suruali zako, mpaka mifuko, maana ni hadithi inayochekesha watu. Alicheka kweli. Kisha, huku anakunja shuka, akauliza suruali zenyewe zilikuwa na uzito gani. Nikamwuliza kwa nini. Akasema wao wakimpima mwanambuzi kwenye wavu wa kamba, kwanza wanapima kamba.

Nilibaki na foronya mkononi. Baba, wewe si mtu wa mizani, acha nikueleze. Ile mizani yetu ina uso wa mviringo na mshale. Kabla ya kuanza kazi unaning'iniza suruali tupu, unatazama mshale, na kuna skrubu ndogo hapo juu ya kuurudisha kwenye sifuri. Yaani unaiambia mizani kwamba huu si mtoto, usiuhesabu. Ile ya nailoni ilikuwa nyepesi kama leso, na mizani ilishazoeshwa kuitoa. Turubai lako, na kitambaa chake, na pete zake, na mifuko yake, mizani haikuwahi kuambiwa.

Nilipokwenda kituoni nilimkuta Mama Kadi peke yake, yule mhudumu anayetunza kadi za watoto, ambaye anamjua kila mtoto kwa jina la utani na kila mama kwa sauti ya viatu. Alinikaribisha kwa vifijo, akataka nimwonyeshe kama nimeota kipara kwa kusoma. Nikamwomba suruali ya bluu. Bado ilikuwepo, Baba. Zote sita zipo, hazijafumuka hata mshono mmoja, baada ya miaka miwili na miezi minane na mamia ya watoto kuzikojolea. Nikaining'iniza tupu. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye gramu mia nne na hamsini. Nikaning'iniza ya pili, ya tatu, hadi ya sita, mshale unarudi palepale, maana wewe ukishona vitu sita vinakuwa sita vya kufanana. Karibu nusu kilo. Kwa mtu kama wewe na mimi nusu kilo si kitu, ni kikombe cha maji na kipande cha mkate. Kwa mtoto wa miezi tisa mwenye kilo sita na nusu, ni tofauti kati ya kupewa chakula cha dawa, kile cha watoto waliodhoofu, na kurudishwa nyumbani kwa kupigiwa makofi.

Kwa hiyo hakuna mtoto aliyenenepa. Mafunzo yangu hayakufanya lolote linaloonekana, na watoto walibaki ishirini katika mia kama zamani. Kumi kati yao tuliwavika nusu kilo kisha tukawaambia mama zao wako sawa.

Nilikaa chini kwenye benchi la akina mama. Mama Kadi alifikiri nimepata kizunguzungu, akaniletea maji. Nilipomweleza hakulia wala hakunilaumu. Alisimama, akaenda kutafuta bisibisi.

Kuna mama mmoja lazima nikuambie habari zake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilini mwangu tangu lile swali la mbuzi. Ni muuza mkaa. Alikuwa analeta binti yake mdogo, mwenye macho makubwa, asiyelia. Siku moja aliniambia kwamba anamwona mwanawe mwepesi, kwamba yeye kazi yake ni kubeba, amebeba magunia tangu msichana, mikono yake inajua uzito, na mtoto huyu kila mwezi anamwona anapungua mgongoni. Nikamwonyesha mshale. Nikacheka, Baba, kicheko kile cha watu waliosoma, nikamwambia mizani haidanganyi, labda yeye ndiye anayezidi kupata nguvu. Wenzake kwenye foleni wakacheka pia. Hakurudi tena kituoni.

Tulikaa na Mama Kadi siku nne tukipitia daftari zote, tunatoa gramu mia nne na hamsini kwa kila mtoto, mmoja mmoja, kwa kalamu nyekundu. Katika watoto kama mia nne tulipata arobaini na mmoja ambao tungepaswa kuwashughulikia na hatukuwashughulikia. Kisha tukatoka kuwatafuta. Nilimaliza likizo yangu yote milangoni mwa watu. Nilikuwa nabisha, najitambulisha, naomba samahani, naomba kumpima mtoto upya. Wengine walinipa kiti. Mmoja alinifungia mlango na nilimwona ana haki.

Tumewapata thelathini na wanane. Wengi, namshukuru Mungu, wamekua, wamejikokota wenyewe wakatoka shimoni bila msaada wetu. Saba tuliwakuta bado wako chini na sasa wako kwenye matibabu. Watatu familia zao zimehama na hakuna anayejua walikoelekea. Hao watatu nawakumbuka kwa majina yao yaliyo kwenye kadi, nawataja nikifumba macho, na sijui nitaacha lini.

Binti wa muuza mkaa ni mmoja wa wale saba. Sasa ana miaka mitatu na ushei, mfupi kuliko rika lake, na bado hana mazoea ya kulia. Mama yake alinisikiliza hadi mwisho huku anafunga mkaa, hakunitazama. Kisha akasema kwamba alijua, kwamba aliniambia, na kwamba siku ile alirudi nyumbani akijiona mwendawazimu kwa kutoamini mshale. Nikamwambia ni kweli, yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Akaniuliza kama niko tayari kusema hivyo hivyo mbele ya wale waliomcheka. Jumanne iliyofuata alikuja kituoni, nikasema, nimesimama pale pale chini ya mizani. Tangu siku hiyo hajakosa hata Jumanne moja, na wiki iliyopita Mama Kadi alinipigia simu kuniambia kwamba mtoto ameongeza gramu mia nane, za kweli, na amemng'ata mwuguzi mpya. Tulishangilia hadi Daktari wa Mbuzi akatoka bafuni na povu kichwani.

Sasa, Baba, nakujua. Umefika hapa umeshavua miwani. Unajiambia ni mimi, ni turubai langu, ningempa tu funguo zake nikarudi dukani. Vaa miwani, endelea kusoma. Nilichokuwa nakwepa tangu mwanzo wa barua ndicho hiki.

Nilijua tangu siku ya kwanza.

Siku uliyoleta suruali, niliponing'iniza ile ya bluu, niliuona mshale ukipanda. Nilifundishwa, nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikashika skrubu, ikagoma, ilikuwa imeshika kutu. Ilitaka bisibisi, na bisibisi ilikuwa stoo, na stoo imefungwa, na foleni ilikuwa imefika nje, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni umeshika kofia yako kifuani, unatabasamu, unasubiri kuona mtoto wa kwanza akipimwa kwenye kazi ya mikono yako. Sikutaka usubiri. Nikajisemea leo nitatoa ile nusu kilo kichwani, kesho nitarekebisha. Watoto sita au saba wa kwanza niliwatolea. Kisha mmoja akalia, mwingine akatapika, mtu akaniuliza kitu, nikaacha kutoa. Kesho yake nikaja na mabango yangu mapya ya lishe chini ya kwapa, na kichwa kimejaa samaki na mboga. Sikukumbuka tena. Nasema kweli, sikukumbuka hata siku ile namcheka muuza mkaa. Lakini Daktari wa Mbuzi alipouliza uzito wa suruali, sikuhitaji kwenda kituoni ili kujua. Mshale ulinirudia machoni hapo hapo, na kofia yako pia.

Kuna na la pili. Ukirudi nyuma utaona nimeruka kutoka kwenye kukunja nguo hadi kituoni, kana kwamba nilidandia gari siku ile ile. Nilikaa siku kumi na nane. Siku hizo niliandika sura nzima ya tasnifu, nikisifu mafunzo yangu, nikijua. Niliitengenezea majedwali mazuri. Nilijiambia labda mshale nimeuota, labda Mama Kadi alirekebisha baadaye, labda nimalize kwanza nipate shahada kisha nitarekebisha, nikiwa na cheo watu watanisikiliza. Ni ile kesho yangu tena, ila safari hii ilikuwa imevaa joho. Daktari wa Mbuzi alikuwa ananiona sili, naye alikuwa ananiachia tu chai mezani. Siku ya kumi na nane Bi Thibitisha akaniita kwa furaha, ambayo kwake inaonekana kwenye nyusi tu, akaniambia wakubwa wa afya watakuja kunisikiliza, na wanafikiria kupunguza chakula cha dawa vituoni na badala yake kusambaza mafunzo yangu. Nikamwuliza wapunguze kwa watoto wangapi. Akataja idadi. Hapo nikavuta kiti, nikamwambia yote, kuanzia funguo.

Aliweka penseli chini. Sijawahi kumwona bila penseli. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine anajua, nikasema mbuzi peke yao. Hakucheka. Akasema ule mkutano umefutwa, sura ile ichanwe, na kwamba kanuni zinampa haki ya kunifukuza na anataka siku mbili za kufikiri. Siku mbili zile, Baba, nilifungasha sanduku na kulifungua mara nne. Aliponiita tena, aliniambia niende kituoni, nipime suruali, niwatafute watoto, na kisha, nikiwa bado nataka shahada, niandike tasnifu mpya ya jambo ambalo nalijua kuliko mtu yeyote darasani, yaani jinsi nusu kilo inavyopita katikati ya watu wema, waliosoma, wanaopenda watoto, bila mtu kuisimamisha. Kamati ilikaa, ikanikaripia kwa maandishi, ikakubali. Tumeshapita vituo kumi na viwili na mizani ya kukopa. Vitano vina mshale usiokaa sifuri. Kimoja walishonewa suruali na kikundi cha akina mama, nzuri mno, yenye vifungo.

Gharama yake ni mwaka mmoja. Sitahitimu mwaka huu, nitahitimu mwakani, Mungu akipenda. Najua suti yako umeshaishona na inaning'inia nyuma ya mlango, na najua umeshawaambia wateja, na yule wa mita za maji. Nisamehe kwa hilo. Nisamehe zaidi kwa kukuacha miaka miwili na miezi minane ukijivunia kitu ambacho mimi nilikiharibu palepale mbele ya macho yako.

Nikiwa mdogo, alikuja dukani mkuu wa shule kupimwa suti, akakataa kuvua koti kwa sababu ana haraka. Hukubishana naye. Ulikaa, ukaweka tepu shingoni, ukanywa chai yako yote hadi alipovua. Nilikuuliza baadaye kwa nini umemkasirisha mtu mkubwa, ukaniambia huwezi kumpima mtu juu ya koti, utashona nguo ya koti. Ningekumbuka chai ile siku ulipokuwa mlangoni, ningekuacha usimame na kofia yako hata saa nzima, na ungenielewa kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye foleni ile. Kosa langu ni kudhani ungependa nifanye haraka.

Kwa hiyo suruali zako hazina hatia, nazo hazijatupwa. Tano bado zinafanya kazi kituoni, na mshale sasa unaanzia sifuri, na Mama Kadi ameifunga bisibisi kwa kamba kwenye ukuta. Ile ya bluu nimekuja nayo huku chuoni. Bi Thibitisha ameiazima kwa ajili ya wanafunzi wapya, somo lao la kwanza. Anawapa mizani, anawapa mdoli wa kilo tano, anawapa suruali yako, anawaambia wapime, kisha anakaa na kuwatazama. Mwaka huu mmoja tu katika thelathini alipima suruali kwanza. Wote walishangaa mfuko.

Namalizia, maana mashati dirishani yameshaanuliwa na mwanga unapungua. Msalimie Mama, mwambie asilie, na kama ameshalia mwambie ajaribu soksi nyingine za urefu mmoja. Nisalimie majirani wote, na fundi viatu, na yule wa mita. Nijibu ukipata nafasi, kwa barua, hata mistari miwili. Ukitaka kunigombeza, andika mitatu.

Ombi langu moja. Kwenye tasnifu mpya kuna ukurasa wa shukrani. Wa kwanza nimekushukuru wewe, nikaandika kwamba baba yangu ni fundi bora kuliko wote ninaowajua. Ukurasa umerudi jana. Pembeni ya sentensi hiyo, kwa penseli, ameandika thibitisha. Sasa, Baba, nahitaji suruali kumi na mbili, moja kwa kila kituo. Kitambaa chepesi lakini imara, utachagua wewe. Pete zisiwepo, tia vitanzi vya uzi. Ukimaliza kila moja, ipeleke kwa muuza duka wa jirani akuwekee kwenye mizani yake, na uzito utakaosoma uutarizi kiunoni kwa uzi mwekundu, tarakimu kubwa, ili mwuguzi yeyote mwenye haraka auone kabla hajamwona mtoto.

Na mfuko uweke. Tutaupima nao.

Ni mimi mwanao,
yule uliyemwita Sindano hata kabla hajawa mwuguzi